Cha Chini si Chako

Mbwa wetu alikuja ghalani akilifuata lori la karanga, na siku hiyohiyo ya kwanza akala kipande cha sabuni. Tulimkuta amekaa katikati ya uwanja, povu linamtoka puani, anatutazama kwa adabu kama mgeni aliyeungua ulimi kwa chai na hataki kusema. Shangazi yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameondoa macho kwenye gunia alilokuwa akilishona, aliyaondoa.

"Hicho si kinywa," alisema. "Hilo ni kapu."

Akaitwa Kapu.

Ghala lenyewe ni jumba refu la mabati. Nyuma kuna magunia yaliyopangwa hadi karibu na paa, na mbele kuna sakafu ya saruji ambapo wanawake kumi na wawili hukaa kutwa wakichambua karanga: nzima upande huu, zilizovunda upande ule, vijiwe na maganda kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nafagia. Shangazi alikaa mlangoni penye mwanga, akishona magunia yaliyotobolewa na panya. Kila mtu alimwita Fundi. Shazia yake, ile sindano nene ya magunia, ilikuwa ndefu kuliko kidole, na asipoitumia aliichomeka kwenye kitambaa cha kichwani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumkumbatia bila kutazama kwanza.

Nilihamia kwake nilipoacha shule darasa la tano, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Kuongea mbele za watu sikuweza. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilimjibu mmoja, na huyo mmoja naye alilazimika kuinama ili asikie. Wanawake wa ghalani hawakuwa wabaya, ila walinitania. Aliyewazidi wote ni Mama Pacha, aliyekaa mwisho wa safu karibu na ukuta.

"Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema siku moja. "Wa huyu umekwama wapi, Fundi? Umeushonea ndani ya gunia?"

"Uache," alijibu Shangazi bila kuinua kichwa. "Ukija utakukuta umesinzia."

Kwa Kapu niliongea. Wakati wa kupumzika alikuja akajilaza juu ya miguu yangu, nami nikamweleza mambo ya siku nzima, hata yale aliyoyaona mwenyewe. Hakunikatiza wala hakuniambia niongeze sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na mtu wa namna hiyo, kama mbwa anaweza kuitwa mtu, na mimi namwita.

Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kula vya chini. Baada ya sabuni alikula kamba ya katani, kizibo, kipande cha kandambili ya msimamizi, na maganda ya mayai ambayo hakuna aliyejua yalitoka wapi. Na karanga, bila shaka. Ghalani kwetu kulikuwa na desturi iliyomzidi umri msimamizi mwenyewe: karanga iliyoanguka sakafuni si ya tajiri tena. Ukiiokota, ukaipuliza vumbi, pfuu, ni yako, itie kinywani. Mfagiaji ndiye aliyefaidi kuliko wote. Nilikuwa sijawahi kununua karanga maishani, na sijui siku ngapi nilifika mchana nikiwa tayari nimeshiba.

Kisha panya wakazidi. Walitoboa magunia haraka kuliko Shangazi alivyoweza kuyashona. Msimamizi wetu, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, alikuja akasimama mbele yetu, akaitoa kalamu, akairudisha.

"Mwisho wa mwezi anakuja mtu wa dawa," alisema. "Ataweka sumu pembe zote. Hayo ni majuma matatu." Akamtazama Kapu, ambaye wakati huo alikuwa akitafuna uzi. "Huyu hawezi kukaa na sumu. Ataimaliza kabla panya hawajaonja. Nitawaita wale wa kuchukua mbwa."

Kila mtu aliwajua wale wa kuchukua mbwa. Walikuja na gari lenye kizimba, na mbwa aliyepanda gari lile hakuwahi kuonekana tena popote.

Nilitaka kusema. Midomo ilifunguka kabisa. Shangazi alinitazama, akaitazama midomo yangu, akangoja kidogo. Halafu alipoona haitatoa kitu, akasema yeye.

"Akijifunza kutookota?"

"Fundi, mbwa huyu?"

"Nimekuuliza, bwana. Akijifunza?"

Msimamizi akacheka. "Akijifunza, abaki. Lakini mimi ndiye nitakayempima, na akishindwa mara moja tu, basi."

Mama Pacha akaguna kutoka ukutani. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Mtu wa kwanza kujaribu hakuwa Shangazi bali mlinzi wetu wa getini, aliyesema mbwa anajua lugha moja tu, ya pilipili. Alipaka pilipili ya kusaga kwenye kipande cha nyama, akakitupa chini. Kapu alikila. Machozi yalimtoka, akapiga chafya, akanywa maji nusu ndoo. Kisha akaenda kwa mlinzi, akakaa mbele yake, akatikisa mkia akidai kingine.

"Hongera," Shangazi alimwambia mlinzi. "Sasa anataka na kachumbari."

Kesho yake akaanza yeye. Hakuwahi kufuga mbwa maishani mwake. Nilimwuliza amejifunza wapi, akasema hajajifunza, ila ameshona magunia miaka ishirini na mbili, na gunia ukilivuta kwa nguvu linachanika zaidi. Unaanzia pale ambapo bado pazima.

Alikaa kwenye kigoda chake na karanga moja kwenye ngumi ya kulia. Mkono wa kushoto aliuficha nyuma, umeshika kipande cha biskuti. Kapu akaja, akanusa ngumi, akailamba, akaikwaruza kwa kucha, akalialia. Shangazi alikaa kama jiwe. Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio nikihesabu pumzi. Mwishowe Kapu akachoka, akarudisha pua nyuma, akainua macho kumtazama usoni. Papo hapo Shangazi akasema, "Mzuri," na mkono wa kushoto ukatokea na biskuti.

"Umeona?" akaniambia. "Sikumpa alichokuwa akikitaka. Nimempa kizuri zaidi, na nimempa kwa kuwa ameacha."

Alirudia mara thelathini siku hiyo, bila kupandisha sauti, bila kumgusa. Siku ya tatu akaifungua ngumi: karanga ikawa imelala wazi kiganjani, na Kapu akiikaribia kiganja kinafunga. Siku ya tano karanga ikashuka sakafuni chini ya ndala ya Shangazi. Siku ya sita ndala ikaondoka. Hapo ndipo alipoanza kusema "Acha," neno moja, na baada yake, "Cha chini si chako." Kisha mkono wa kushoto.

Nilimtazama yule mwanamke aliyeweza kumwambia tajiri wa karanga aondoke kwenye mwanga wake, amepiga magoti mbele ya mbwa wa barabarani, amejaa vumbi la karanga hadi kwenye nyusi, anangoja. Sijaona mtu anayengoja vizuri hivyo. Alingoja kama vile kungoja nako kuna mshono wake.

"Sasa wewe," aliniambia siku ya saba.

Nilidondosha karanga. Nikasema neno. Kapu alinitazama kwa mapenzi makubwa, akaila.

"Hajasikia," nilisema.

"Amesikia. Mbwa anasikia panya akitembea juu ya gunia la kumi. Sauti yako si tatizo, mwanangu. Tatizo unasema 'acha' kama unayebisha hodi. Unamwomba. Usimwombe, mwambie."

Nilijaribu tena. Nikabisha hodi tena. Siku ya tisa tukakubaliana mimi niwe natumia mkono tu, kuufunga ngumi, na hilo Kapu alilielewa. Mbele ya Shangazi au mbele ya ngumi yangu, hata ungemwekea mfupa puani, alikaa akatazama juu. Tulidhani tumemaliza.

Siku ya kumi na moja nilimkuta nyuma ya magunia, peke yake, anakula karanga moja baada ya nyingine kama mzee anayesali kwa tasbihi.

Siku ya kumi na mbili hivyohivyo. Ya kumi na tatu pia. Tukimtazama aliacha. Tukigeuka aliokota. Zilibaki siku nane, na usiku nilianza kuota gari lenye kizimba. Mama Pacha alisema mbwa amekuwa kama mume wake: mtakatifu mlangoni. Wanawake wakacheka mpaka karanga zikamwagika, na kwa zile zilizomwagika, pfuu, pfuu, wakajipoza.

Shangazi hakucheka. Asubuhi ya kumi na nne alivuta kigoda chake kutoka mlangoni hadi ndani, akajifunika magunia mapajani, akaniambia, "Mwache huru. Wewe fagia kama siku zote. Usinitazame."

Nilifagia. Alishona, au alijifanya anashona. Baadaye niliona gunia lile lote halikuwa na mshono hata mmoja. Karibu na saa sita akaniita.

"Kaa hapa. Mtazame mwenzako."

Kapu alikuwa kando ya ndoo ya maganda. Mbele yake kulikuwa na karanga. Akainamisha kichwa, akaisogelea, akasimama. Kisha akatoa pumzi kwa pua, pfuu! Vumbi likaruka. Ndipo akaila.

"Umeona?"

"Amekula, Shangazi."

"Kabla ya kula."

Nikafikiri. "Amepuliza."

"Mbwa gani duniani anapuliza karanga?"

Kicheko kilinitoka, sikuweza kukizuia. Yeye uso wake haukubadilika.

"Na wewe asubuhi hii umepuliza ngapi?"

Kicheko kikafa. "Sijui."

"Thelathini na moja. Halafu nikaacha kuhesabu." Akafungua kiganja chake akakitazama kama kiganja cha mtu mwingine. "Na mimi nne. Ya nne nilijikamata ikiwa tayari mdomoni. Mimi, mwalimu."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Angeweza kunilaumu mimi na thelathini na moja zangu, nami ningekubali. Akanionyesha zake nne.

"Majuma mawili nimemwambia mbwa cha chini si chako," alisema polepole. "Na hao kumi na wawili, na wewe, na mimi, kutwa nzima tunamwambia cha chini ni chetu. Amesikiliza walio wengi. Mbwa ana akili kuliko sisi. Nyani haoni kundule."

Alichomeka shazia kwenye kitambaa, akaigeukia safu ya wanawake. Nilidhani anamfikiria Kapu.

"Ile sumu," akasema, "wanaichanganya na nini?"

Nilijua, kwa sababu nilimsikia msimamizi akimwagiza mlinzi atenge debe moja. "Karanga."

Tukatazamana. Nyuma yetu mtu alipuliza, pfuu, akatafuna.

"Msimamizi ameuliza habari za mbwa," alisema Shangazi. "Habari zetu hakuuliza mtu. Na sisi wenyewe hatukujiuliza."

Akasimama papo hapo, akaenda katikati ya safu. Aliwaeleza yote, na pua ya Kapu pia, na karanga zake nne. Wengine waliona haya, wengine walicheka. Mama Pacha akaweka ungo wake chini.

"Fundi, yaani sasa tunafundishwa na mbwa?"

"Hamfundishwi naye. Mnafundishwa pamoja naye. Darasa moja, dawati moja."

"Na haki yetu? Hii ni haki ya mama zetu. Cha sakafuni ni cha aliyeketi sakafuni!"

Wakamuunga mkono, na kelele zikapanda. Nilidhani Shangazi atawakemea, maana ulimi anao. Lakini alifanya kama na lile gunia: akaanzia pale palipo pazima.

"Haki yenu sigusi," alisema. "Nipeni siku tatu."

Kwa siku tatu sikuiona mikono yake ikipumzika. Alichukua magunia makuukuu yasiyofaa tena, akayapasua, akayafua, akayaunganisha. Alishona kwa mshono wa kurudi nyuma, ule anaouweka kwa magunia ya safari ndefu, na vidole vilipochubuka alivifunga kitambaa akaendelea. Mimi nilivuta uzi na kuutia nta. Kapu alilala kando, na kila uzi ulipodondoka Shangazi alisema "Acha" bila kumtazama, naye akaacha bila kuamka vizuri. Siku ya tatu jioni tukautandaza: mkeka mmoja wa magunia, unaotosha wanawake kumi na wawili na nyungo zao, na pembeni umekunjwa ukingo ili karanga zisivuke.

"Kinachoangukia mkekani ni chenu, kama zamani," aliwaambia. "Lakini hakiendi kinywani. Kinaingia kwenye kopo, kinakwenda nyumbani, kinaoshwa, kinakaangwa. Jioni mkeka unakung'utwa na kuangikwa juu, panya asiukanyage. Kilicho kwenye saruji si cha mtu. Si changu, si chenu, si cha Kapu."

Mwanamke mmoja mzee aliupapasa mshono kwa kidole gumba. "Lo," alisema. "Huu utatuzika." Kisha akavua viatu, akakaa juu yake. Na wengine wakakaa. Mama Pacha alikaa wa mwisho, palepale pake ukutani, goti moja mkekani, goti jingine nje, ili ijulikane kwamba hakushindwa.

Mimi nilifunga kopo kiunoni. Haikuwa rahisi. Mkono ulikuwa umezoea njia yake, ukipanda mdomoni wenyewe. Siku ya kwanza niliutoa mdomoni mara sita. Lakini kila karanga ilipolia kwenye kopo, kling, Kapu alisimamisha masikio. Siku ya pili akaanza kufuata makopo badala ya midomo. Siku ya tatu nilijificha nyuma ya magunia nikamchungulia: karanga mbele yake, hakuna mtu. Aliinusa. Alipuliza, pfuu. Halafu akaiacha, akaenda kumtafuta Shangazi ili apewe chake.

Nilikaa juu ya magunia nikalia kidogo.

Kulipokucha siku ya kupimwa, msimamizi alipita ghala zima, mlangoni hadi ukutani, akidondosha vipande vya mkate wake mwenyewe. Kapu alimfuata. Kwenye kila kipande alikaa, akatazama juu, akainuka, akaenda kingine. Msimamizi alipofika mwisho aligeuka akaona mkate wake wote umepangwa sakafuni kama taa za barabarani. Alikuna kichwa kwa kalamu.

"Mimi mwenyewe nisingeweza," alisema. "Na nimekunywa chai. Basi, abaki. Ila juma la kwanza la sumu namtazama."

Mchana mtu wa dawa akaweka masanduku yake pembe zote, kila moja na tundu la kuingia panya na karatasi iliyobandikwa juu. Niliisoma, taratibu, herufi kwa herufi, kwa kuwa nilipenda kusoma na hakukuwa na mwingine aliyejisumbua: karanga zenye dawa, rangi ya kijani, ziwe mbali na chakula cha watu. Nilichungulia tunduni. Gizani mle hukuona kijani chochote. Zilikuwa karanga tu.

Siku tatu zilipita. Asubuhi ya nne Shangazi alikuwa mlangoni, wanawake wanachambua, wanasimuliana harusi fulani iliyokosa bwana harusi. Mimi nilikuwa katikati ya sakafu na ufagio. Kapu alikuwa akitembea kando ya ukuta, akasimama.

Akakaa. Akainua macho. Lakini Shangazi hakuwa akimtazama, basi akanitazama mimi.

Mbele ya miguu yake palikuwa na karanga tano au sita kwenye saruji, nje ya ukingo wa mkeka, na mistari ya kucha za panya kwenye vumbi kutoka kwenye sanduku la pembeni. Kapu alikuwa amekaa mbele ya karanga hizo kama alivyofundishwa, anangoja aliye na mkono wa kushoto. Na hapohapo karibu naye, lile goti la Mama Pacha lililo nje ya mkeka. Alikuwa amefika kwenye utamu wa hadithi, kinywa kinasimulia, macho yako kwa wenzake, na mkono wake, mkono wa miaka yote, ukashuka wenyewe kwenye saruji. Ukaokota. Ukapanda. Akakatiza hadithi ili apulize.

Pfuu.

"ACHA!"

Sikubisha hodi. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Iligonga mabati ya paa ikarudi. Njiwa waliruka kwenye boriti. Kapu, aliyekuwa amekaa tayari, akalala kifudifudi. Wanawake kumi na wawili wakasimamisha mikono hewani, kila mmoja na alichoshika, na Mama Pacha akaachia karanga kama kaa la moto, akabaki mdomo wazi.

"Cha chini si chako," nilimaliza, kwa sababu ndivyo inavyomalizwa.

Shangazi alikuja, akaiokota karanga ile kwa ncha ya shazia, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza. Sote tuliona. Ilikuwa ya kijani kama jani la mgomba.

Msimamizi alikuja mbio, kalamu ikaanguka njiani. "Nani anapigwa?"

"Hapigwi mtu," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami kwa mara ya kwanza nikalazimika kuinama ili nimsikie. Alivuta lile goti lake la nje, akaliweka mkekani. "Mbwa alikaa. Mimi sikukaa. Huyu binti akatuambia wote wawili."

Msimamizi aliitazama karanga, akatazama nyayo za panya, akamtazama Kapu aliyekuwa bado amelala kifudifudi akingoja ruhusa ya kuishi. Kisha akasema masanduku yote yatolewe leo hii, mtu wa dawa aje na njia nyingine au asije. Na alipofika mlangoni akageuka: "Habari za juma la kwanza zimekwisha. Huyo ni mbwa wa ghala. Haendi popote."

Ghala lilirudi kupumua. Mtu akaanza kucheka, mwingine akafuata.

"Ule mshindo, Fundi," alisema Mama Pacha akijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Umefika. Na kweli umenikuta nimesinzia." Kisha akanyoosha kiganja. "Lakini mbona sioni biskuti? Na mimi nimeacha. Au zawadi ni ya mbwa peke yake?"

"Kaa kwanza," Shangazi alimwambia.

"Nimekaa!"

"Tazama juu."

Mama Pacha akatazama juu, na Shangazi akampa biskuti. Wanawake walipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuchungulia kutoka getini. Kapu akapewa yake, mbili, na akazila mkononi, polepole, kama bwana aliyealikwa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye ufagio wangu. Uso uliniwaka, na nilikuwa nikifagia mahali palepale nilipokwisha kufagia. Shangazi akapita karibu yangu akirudi kwenye kigoda chake. Hakusimama. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbata ile karanga ya kijani, umekaza. Mkono wa kushoto ukatoka nyuma ya mgongo wake, ukafunguka mbele yangu.